Jengo la Ibighi Nililolithamini Nikiwa Barabarani

Nakumbuka asubuhi moja ya mvua pale Ibighi, mwanangu, nimesimama kando ya barabara na futi ya kupimia mfukoni, na siku hiyo futi ile haikutoka mfukoni. Ukiniuliza leo kosa langu lilikuwa nini, sitaanza na uongo, ingawa uongo nao ulikuja. Nitaanza na hiyo futi. Makosa mengi makubwa niliyoyaona maishani yalianza na kitu kidogo ambacho mtu alipaswa kukitoa mfukoni na hakukitoa.

Nakuandikia wewe uliyesomea uthamini na unayengoja kupangiwa kazi kwenye halmashauri fulani. Nakuandikia pia wewe ambaye hutaifanya kazi hii kabisa, maana iko siku mambo ya mtu mwingine yatawekwa mbele yako, nawe utaambiwa uyapime.

Watu wengi hawaijui kazi yetu. Mwalimu wanamjua, bwana shamba wanamjua, lakini mthamini akipita na futi yake wanadhani ni fundi anayetafuta kibarua. Kazi yenyewe ni hii. Halmashauri inataka kodi kutoka kwenye majengo, hasa yale ya biashara. Si haki mwenye duka la mlango mmoja alipe sawa na mwenye nyumba ya wageni. Basi lazima mtu aende akalione kila jengo, alipime, ajue limejengwa kwa nini, limechakaa kiasi gani na linafanya biashara gani, kisha aseme thamani yake. Kodi hufuata thamani hiyo. Ukiipandisha pasipo haki, umemnyonya mtu mmoja. Ukiishusha pasipo haki, umewanyonya wengi wasiokujua, wale wanaongoja dawa zahanati. Hakuna kosa lisilo na mwenyewe.

Mimi ni mtoto wa Mpuguso. Nilimaliza sekondari, nikarudi kuchuma chai ya baba kwa muda, kisha nikachukuliwa kuwa msaidizi wa mthamini mjini Tukuyu. Mthamini wangu alikuwa Mzee Shabani, mtu mwembamba ambaye babu yake alikuja kutoka pwani na biashara ya nguo akabaki. Alizungumza Kinyakyusa vizuri kuliko baadhi yetu, lakini akitaka kukukaripia alirudi kwenye Kiswahili cha babu yake. Alipenda kusema, "Nyumba usiyolala ndani huijui ila yake." Kisha huongeza la kwake: "Na sisi hatulali kwenye nyumba za watu, basi angalau tuingie."

Na aliingia kweli. Kwenye mashine za kusaga aliingia akatoka mweupe kama mwokaji. Kwenye maghala alitazama juu mpaka kofia ikaanguka, nami ndiye niliyekuwa naiokota. Aligonga kuta kwa kifundo cha kidole akasikiliza, na wenye maduka walikuwa wakinong'ona kwamba yule mzee anatafuta majini. Mimi nilimcheka moyoni. Kijana aliyemaliza sekondari huona ukuta kwa macho akaridhika.

Siku ile ya mvua Mzee Shabani alikuwa anaumwa goti, akanituma peke yangu. Aliniambia mlangoni kwake, "Ingia kila mahali. Wakikutukana, shukuru, kisha ingia."

Jengo lilikuwa na milango miwili inayotazama barabara, rangi ya samawati, limebanwa na majengo mengine kulia na kushoto. Nyuma yake ardhi inateremka kwa ghafla kuingia kwenye migomba, kama ilivyo sehemu nyingi za kwetu, kwa hiyo aliye barabarani haoni kilichoko nyuma. Lilijengwa na kijana mmoja aliyeitwa Lwitiko, dereva wa lori la ndizi, akafariki akiwa bado na nguvu zake. Mjane wake, Atupele, alifungua mgahawa katika vyumba vya mbele: chai, chapati, ndizi za kuchemsha, na mtindi ambao watu walitoka sokoni kuufuata. Kiwanja kilikuwa kwa jina la baba yake Lwitiko, Mzee Asajile, ndiyo maana yeye ndiye aliyeitwa kunionyesha jengo.

Hapa nikueleze jambo, mwanangu, kwa sababu pengine umekulia mjini. Kwetu Wanyakyusa, tangu zamani, mke wa mwana na baba mkwe hawakutani uso kwa uso. Baba mkwe akija njiani, mwanamke huacha njia. Mwanamke akiwa ndani, baba mkwe haingii. Hawasemezani ila kwa kupitia mtu. Si chuki, ni heshima, na ina uzuri wake. Siku hizi familia nyingi zimeilegeza, lakini ya Mzee Asajile iliishika kwa mikono miwili. Tangu mwanawe aoe, mzee yule hakuwahi kuvuka kizingiti cha jengo lile, hata baada ya msiba.

Nilimkuta amesimama kwenye mvua chini ya mwavuli mweusi, ng'ambo ya mtaro.

"Ndaga, tata," nilimsalimu, kama kwetu mtoto anavyomsalimu baba.

"Ndaga. Wewe ni mtoto wa nani?"

Nilimtajia baba yangu.

"Wa Mpuguso. Namjua. Mtu wa adabu," alisema. "Sitegemei kuona tofauti."

Kisha akaanza kunisomea jengo, na fimbo yake ikionyesha ukuta kana kwamba ukuta ni kioo. Mbele vyumba viwili, nyuma vinne. Saruji chini mpaka jikoni. Dari ya mbao, na mbao zenyewe mwanawe alizileta kwa lori lake kutoka Suma. Matofali ya kuchoma, si haya ya siku hizi. "Andika vizuri," alisema. "Usije ukamwandika mwanangu kama mtu aliyejenga kibanda."

Umeelewa, mwanangu? Mzee yule hakuwa anaficha thamani kama wengine tuliozoea kuwaona, wanaosema ghala lao ni banda la kuku. Yeye alikuwa anaipandisha. Kwake kodi haikuwa kodi. Nilikuwa nimekuja kuandika habari za marehemu, naye alitaka ziandikwe kwa heshima.

Ndani nilisikia sufuria na mtu akikohoa. Mlango ulikuwa umerudishwa nusu, kwa sababu Atupele alijua nani yuko nje. Nilipiga hatua moja kuelekea mlangoni, nikamtazama mzee. Nikiingia, mwanamke yule angepaswa kunipokea, na baba mkwe amesimama pale pale anatazama. Yeye hawezi kutoka, mzee hawezi kuingia. Nami, mtoto wa mtu wa adabu, nikabaki katikati, mvua inaniingia shingoni.

Nikaandika vyumba sita. Nikaandika saruji, dari ya mbao, hali nzuri. Mzee Asajile akanishukuru mara mbili, nami nikaondoka nikijiona kijana aliyelelewa.

Mvua za masika zilipokwisha, ankara za kodi zilisambazwa. Asubuhi moja Atupele akaja ofisini. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye sauti ya chini, na sweta ya kijani iliyokwisha viwiko. Aliweka ankara juu ya meza ya Mzee Shabani, akasema amekuja kuulizia njia.

"Njia ya kwenda wapi, mama?"

"Ya kwenda kwenye vyumba sita. Mimi nakaa kwenye viwili. Hivyo vinne mnionyeshe na mimi nivipangishe."

Karani mmoja akasema labda viko ghorofani. Ofisi nzima ikacheka. Na mimi nilicheka, mwanangu. Sikucheka kwa furaha, nilicheka kwa hofu, lakini yeye angejuaje tofauti?

Mzee Shabani hakucheka. Alinigeukia. "Uliingia?"

"Nilifika, mzee."

"Hata mbuzi hufika. Nakuuliza, uliingia?"

Kulikuwa na nafasi pale, nyembamba kama ufa wa mlango, ya kusema hapana. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Nikasema, "Niliingia."

Mzee Shabani aliniamini, kwa sababu ndiye aliyenifundisha. Akamwambia Atupele kwa upole kwamba kijana wake aliingia na kuona, na kama kuna kilichobomolewa baada ya hapo alete pingamizi, lakini kwa sasa ankara itabaki kama ilivyo.

Atupele alinitazama. Hakuniita mwongo. Alikunja ankara yake taratibu akasema, "Basi labda aliingia nikiwa nimelala."

Nimezeeka sasa, nasahau mahali nilipoweka miwani ikiwa usoni. Sentensi ile sijaisahau.

Zilipita wiki. Nilikuwa nikipita Ibighi kwa njia ya mbali. Lakini mji wetu si mkubwa, na habari hukufuata hata ukizunguka. Nikasikia kuwa mdogo wake Lwitiko, aliyeitwa Ambonisye, anasema jengo limemshinda shemeji yake: hata kodi hawezi, ni afadhali arudi kwao Suma, yeye Ambonisye amekwisha kupata mtu wa kulipangisha, muuza vifaa vya ujenzi. Kikao cha familia kilikuwa kinangojwa. Hapo ndipo nilipofahamu kwamba maneno niliyoyaandika nikiwa chini ya mvua yanakwenda kumtoa mtu nyumbani kwake. Mwanamke yule hakuwa na shamba wala mlango mwingine. Alikuwa na mgahawa na jina la mke wa Lwitiko, basi.

Siku moja miguu yangu ikanipeleka. Niliingia mgahawani kama mteja, nikakaa pembeni, nikaagiza ndizi na mtindi. Atupele alinitambua lakini alinihudumia kama wengine.

"Ndizi zipo," alisema. "Mtindi hakuna tena, kaka. Umeliwa na vyumba."

Mzee mmoja meza ya jirani, fundi viatu, akanifafanulia huku akipuliza chai yake: mama amemuuza ng'ombe wake ili alipe kodi, na hata hiyo fedha haikutosha. Ng'ombe yule aliachiwa na mumewe. Mtindi wote uliokuwa ukiwatoa watu sokoni ulitoka kwake.

Nilitazama juu. Hapakuwa na dari. Palikuwa na mabati meusi kwa moshi, na vipande vichache vya mbao vimening'inia kwenye pembe kama meno ya ajuza. Nadhani Atupele aliniona nikitazama. Alijifuta mikono, akaenda kwenye mlango wa nyuma, akaufungua.

"Karibu," alisema. "Uingie mara ya pili."

Niliinuka nikaenda. Nyuma ya mlango ule hapakuwa na kitu, mwanangu. Mteremko ulikuwa umetitia mwaka mmoja wa mvua nyingi baada ya msiba, ukaondoka na kuta za vyumba vyote vinne. Misingi ilibaki ikionekana kama mistari. Na ndani ya mistari ile, kwenye udongo mweusi ulionona, Atupele alikuwa amepanda magimbi, yamestawi, majani yake mapana yakiwa na matone ya maji.

"Hiki kilikuwa chetu cha kulala," alisema akionyesha mstari mmoja. "Ardhi haipendi kukaa bure."

Nilimwuliza kwa nini baba mkwe wake hajui. Alinitazama kama mtu anayemtazama mtoto. Angemwambiaje? Hasemi naye. Mjumbe wa familia ni Ambonisye, na Ambonisye tangu kuta zianguke amekuwa akimpelekea baba yake salamu kwamba nyumba iko salama, maana angesema kweli angeambiwa achangie kuijenga. Majirani nao kila mmoja alidhani mzee anajua na anavumilia.

Nilitoka pale nimeamua. Sitakudanganya kwamba nilikuwa jasiri. Lakini kuamua si lazima kungoje hofu iishe. Sikungoja kesho wala sikwenda kwanza kanisani kuomba dalili. Nilipandisha kilima moja kwa moja mpaka nyumbani kwa Mzee Shabani, nikamkuta anakanda goti lake kwa maji ya moto, nikamwambia: sikuingia.

Aliendelea kukanda goti mpaka maji yakaanza kupoa. Nikadhani atanipigia kelele. Ingekuwa nafuu.

"Vyumba sikukasirikii," alisema. "Vyumba hata mimi nimewahi kukosea. Nakukasirikia kwa sababu umenitumia mimi kumwambia mkweli kwamba ni mwongo, na kwa upole, ndicho kinachoniuma."

Nilijaribu kumweleza habari ya mkwe na baba mkwe, jinsi nilivyobanwa katikati. Alinisikiliza, kisha akasema jambo ambalo ndilo hasa nimekuandikia ulisikie.

"Adabu ile naijua, nimezaliwa humu humu. Ni adabu ya wao wawili. Wewe haikukuzuia kitu. Ulishindwa nini kumwambia, 'Tata, mvua hii itakuumiza, nenda kwa jirani ukanywe chai, nikimaliza nitakuita'? Angekwenda. Angekubariki na kukubariki. Wewe hukumheshimu mzee. Ulimwogopa, ukaiita hofu yako heshima."

Ikapita miaka mingi kabla sijapata karipio jingine lililonyooka hivyo.

Kisha akanieleza yaliyo mbele. Orodha ya uthamini ilikwisha kupitishwa. Hata yeye hakuwa na mamlaka ya kufuta neno kwa kalamu yake. Ilikuwa lazima kamati ya rufaa iketi, na mimi nisimame mbele yake niseme kwa kinywa changu kwamba niliandika nisichokiona. Na mwaka ule ule jina langu lilikuwa limependekezwa kwenda chuo cha ardhi, ili nirudi nikiwa mthamini kamili.

"Nafasi yako ya chuo unaijua," alisema.

"Naijua, mzee."

"Na bado utasimama?"

"Nitasimama."

"Basi anza na mwenye mwavuli," alisema. "Asije akayasikia kamatini."

Nilimfuata Mzee Asajile kwake. Sikumweleza mengi. Nilimwambia nilikosea katika kupima, nahitaji kupima upya, naye awepo. Tulipofika Ibighi alisimama pale pale pa siku zote, ng'ambo ya mtaro, akageuza uso kutazama barabara. Atupele alikuwa ndani, nyuma ya mlango uliorudishwa nusu. Nami nikasimama katikati, mahali pale pale pa kosa langu, lakini safari hii futi ilikuwa mkononi, na niliingia kila mahali, na kila nilichopima nilikisema kwa sauti.

Mbele vyumba viwili. Sakafu ya saruji, imepasuka. Dari hakuna.

"Iko wapi dari?" mzee aliniuliza, akiwa bado ametupa kisogo. "Mwulize iko wapi."

Atupele alikuwa amesikia, hatua chache tu zilikuwa baina yao, lakini alingoja mpaka nimwulize mimi. "Mwambie baba mvua iliiozesha. Nilizitumia mbao zilizobaki kuzibia madirisha."

"Anasema..."

"Nimesikia. Endelea nyuma."

Nikaenda nyuma, nikapima mistari ya misingi, maana nayo ilikuwa kweli ya jengo lile. Niliporudi mlangoni sikuwa na njia ya kulizungusha. Nikasema: "Nyuma hakuna vyumba, tata. Vilianguka vyote."

Mwavuli haukutikisika. Palipita pikipiki, na baada yake mwanamke mwenye mkungu wa ndizi kichwani aliyetusalimu asiitikiwe.

"Chumba alichokuwa analala mwanangu?"

Nilimtazama Atupele. Alitikisa kichwa, si kwa kunikataza, bali kwamba hili atalijibu mwenyewe. Na hakusema na mzee, alisema na mimi, ila kwa sauti iliyofika barabarani. "Mwambie baba nimekipanda magimbi. Mwambie yameota vizuri. Mwambie sikutaka pakae nyasi."

Mzee Asajile aliinamisha mwavuli mpaka ukamfunika uso. Alipounyanyua, alisema maneno machache. "Mwambie huyo mama nimemshukuru. Mwambie hapa ni pake, na anayesema arudi Suma aje aniambie mimi." Kisha akaniuliza, "Na ng'ombe? Nasikia kengele yake siku hizi haisikiki nikipita."

Nikamweleza ng'ombe alikokwenda, na kwa sababu ya nani.

Hakunitukana. Alisema tu, "Baba yako ni mtu wa adabu," akaondoka. Nilitamani anipige kwa fimbo ile.

Kamati ilipoketi nilisimama. Walikuwa watu watano mezani, na mmoja wao, mfanyabiashara mkubwa, alinitania: "Kwa hiyo kijana, unathamini kwa kunusa?" Watu wakacheka. Safari hii kicheko kilinifaa, kilikuwa cha kwangu. Nikasema sikuingia, niliandika nilichoambiwa, kisha nikasema uongo nilipoulizwa. Mzee Asajile naye alikuja bila kuitwa. Aliomba kusema, akiwa amejua kwamba Atupele amekaa chumba cha pili akingoja. Alisema vyumba sita alivitaja yeye, kwa sababu alikuwa akimsifia mwanawe, na kwamba mtu asitozwe kodi kwa sifa za marehemu.

Uthamini ulirekebishwa. Kilicholipwa zaidi kilihesabiwa kwenye kodi za mbele. Kikao cha familia cha kumtoa Atupele hakikuketi, na kabla ya masika mengine Mzee Asajile alisimama ng'ambo ya mtaro akimwagiza Ambonisye, tofali kwa tofali, jinsi ya kusimamisha chumba kimoja nyuma. Magimbi yalihamishiwa pembeni.

Ungependa nimalizie hapo, mwanangu. Lakini mimi ni mzee, sina muda wa kukupamba.

Nafasi ya chuo alipewa mwingine, na haikurudi. Nilifanya kazi mpaka nastaafu nikiwa msaidizi, nikiwabebea futi vijana niliowazidi umri. Hilo silalamikii, nilikuwa nimelithamini mwenyewe. Kinachoniuma ni ng'ombe. Nilipoweza, nilinunua ndama nikampelekea. Atupele alimpapasa shingoni, akanikaribisha chai, kisha akasema, "Kaka, huyu ni ng'ombe wako. Yule alikuwa wangu." Nikarudi naye Mpuguso nikimvuta kwa kamba, na watu njiani wakiniuliza kama natoka mnadani. Maji yakimwagika hayazoleki. Unaweza kukausha sakafu, ukaziba hata tundu la ndoo, lakini yale maji hutayanywa. Wiki zile nilizopita Ibighi kwa njia ya mbali ndizo zilizomuuza ng'ombe. Laiti ningesema hapana kwenye ule ufa wa mlango, siku ile ile ofisini, mtindi ungeendelea kugandishwa.

Sasa nasikia majengo yanapimwa kwa picha za kutoka angani, na kodi yenyewe mtu hukatwa anaponunua umeme. Ni vizuri, mambo yaende. Lakini picha ya angani ni barabara tu iliyopanda juu. Inaona bati, haioni dari. Inaona ua wa kijani nyuma ya nyumba, haijui kwamba pale palikuwa chumba cha kulala.

Basi shika haya, nami nayasema kama yalivyo. Usiandike usichokiona, hata kama anayekusimulia ni mkweli, maana mkweli naye husimulia kwa mapenzi yake. Mtu akikutajia heshima mlangoni, pima kwanza kama ni heshima au ni woga wako umevaa koti la heshima. Na kama ni heshima kweli, tafuta njia ya kuipisha, kwa maana heshima ya kweli hupishwa kwa neno dogo na kikombe cha chai. Ukikosea, na utakosea, tengua kosa lako kabla ya jioni. Usingoje ujasiri. Ujasiri huja ukiwa umekwisha kusimama. Na wakikucheka, waache wacheke, mradi asiyekosa asichekwe badala yako.

Mungu wa baba zetu akupe viatu visivyoogopa matope ya huku kwetu Rungwe. Akupe macho ya kutazama juu mpaka kofia ianguke, na mtu wa kukuokotea. Na siku utakayosimama mvuani, mzee nje, mjane ndani, mlango umerudishwa nusu, akupe ulimi wa kusema kwa upole, "Tata, nipishe kidogo," kisha akupe mguu wa kuvuka kizingiti. Ndaga, mwanangu. Nenda kazini.